Damu Iliyokaa Dirishani

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu Lugano, ni Jumanne moja ya mwezi wa saba, nilipokuwa msichana wa maabara mwenye koti jeupe lililonizidi mabega. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeifunika Tukuyu yote, hata mlango wa jirani hauonekani. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu, kwa sababu nimekulea hapa Bulyaga tangu unatambaa, na kwa sababu ninayotaka kukuambia leo ni ya mzazi.

Nimeyabeba maneno yako ya juzi kwenye simu. Umepata nafasi chuoni Dar es Salaam, miaka miwili, kujifunza utafiti wa protini katika saratani, selimundu na kisukari, na jibu lako linatakiwa ifikapo Ijumaa. Mimi nilidhani utaruka kwa furaha. Wewe ukaniambia, "Bibi, wenzangu wanatibu watu. Mimi nikae nachungulia vichupa? Utafiti haujamponya mtu hata mmoja ninayemjua." Baba yako mdogo naye akadakia kwamba protini anaijua, ni maharage na mayai, na haoni sababu ya kumpeleka mtu Dar es Salaam kusomea maharage. Tulicheka wote, mimi nikacheka kuliko wao. Lakini tangu nikate simu sijatulia, kwa hiyo kaa vizuri unisikilize, maana bibi yako akianza hasimami.

Wakati ule walikuja watafiti kuomba hospitali yetu iwasaidie. Walitaka damu ya watu wenye saratani kabla hawajaanza matibabu, ili wachunguze protini zilizomo. Sisi vijana tuliambiwa kazi yetu ni ndogo: toa damu, weka vichupa kwenye boksi la barafu papo hapo, andika saa kwenye daftari, subiri Mzee Anyitike aje aizungushe kwenye mashine ya kutenganisha damu na kuihifadhi kwenye friza. Mzee Anyitike ndiye aliyekuwa mkubwa wa maabara. Mtu mpole, mrefu, anayetembea na kipimajoto mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Sisi tulimcheka kwa hilo kipimajoto, tena mimi ndiye niliyekuwa kinara.

Jumanne hiyo alikuja mama mmoja wa Kisiba, Mama Atuganile, mwenye uvimbe kwenye titi. Ijumaa angefanyiwa upasuaji Mbeya, na Alhamisi ndiyo siku ya kusafiri. Nilimweleza habari ya watafiti haraka haraka, akanyoosha mkono bila maneno mengi. Nilimtoa damu saa nne asubuhi, vichupa vitatu. Akanishukuru, "Ndaga, mwanangu," kana kwamba mimi ndiye niliyempa kitu, akafunga kanga yake akaondoka.

Sasa barafu ilikuwa kwenye jengo la pili, huko ng'ambo ya uwanja, na manyunyu yanadondoka. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nikajiuliza, hivi kweli mtu mwenye akili timamu anatia barafu Tukuyu, mwezi wa saba? Nyama tunaitundika jikoni inalala hadi kesho yake haijabadilika. Maziwa yanakaa. Sisi wenyewe tunalala na mablanketi matatu. Barafu niliiona ni kanuni ya watu wa Dar es Salaam, walioiandika wakiwa wanatoka jasho. Kosa kama hilo, mwanangu, mtu wa pwani asingeweza kulifanya. Linahitaji mtu aliyezaliwa kwenye baridi hii na anayejivunia hilo.

Basi nikavipanga vichupa dirishani, nje, kwenye upepo. Kisha nikatoka mbio kwenda Bagamoyo, Bagamoyo yetu ya hapa mjini siyo ile ya pwani, kwa fundi aliyekuwa ananishonea gauni la harusi. Ndiyo, nilikuwa nimevishwa pete na babu yako, na kichwa hakikuwa changu. Nilikusudia kukaa dakika kumi. Gauni likabana kiunoni, likafumuliwa, wakaja mashoga zangu wawili, ikaletwa chai, tukapiga soga mpaka mbavu zinauma. Nilipotoka mlangoni nilisimama kama niliyepigwa kofi. Ukungu umeondoka. Jua linawaka, lile jua letu la mchana ambalo huja bila kubisha hodi, na dirisha la maabara linalitazama jua uso kwa uso.

Nilifika saa saba. Vichupa vilikuwa vya moto mkononi, mwanangu. Nikakimbia kuchota barafu, nikavitumbukiza, nikakaa nikihema. Nilivitazama: damu nyekundu kama damu nyingine yoyote. Hakuna atakayejua, nikasema. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri: saa nne na dakika tano, ndani ya barafu. Mzee Anyitike akarudi saa nane kutoka kikaoni, akazungusha, akahifadhi, akanishukuru.

Kesho yake, Jumatano, alitukusanya asubuhi kabla ya kazi. Alikuwa ameshika daftari. Akasema yuko tayari kutueleza kwa nini anatusumbua na barafu, maana amesikia tunavyomcheka. Akatuambia tufikirie kiwanda cha chai, wafanyakazi kila mmoja na shughuli yake, huyu anapokea majani, huyu anakausha, huyu anachambua. Protini ndani ya mwili ndio wafanyakazi hao. Mtu akiugua, wengine wanazidi, wengine wanapungua, wengine wanaharibu kazi, na mtafiti anataka kuwakuta walivyokuwa saa ile ile damu ilipotoka. Ikikaa kwenye joto wanaanza kuvurugana. "Mtaalamu atakapoipima," akasema, "ataona vurugu, na atadhani ni saratani. Kumbe anasoma jua la dirishani." Alisema dirishani kwa bahati tu, alikuwa hajui lolote. Kisha akafungua daftari akawaonyesha mwandiko wangu. Akasema wajifunze kwa Tusekile, dakika tano tu na damu iko kwenye barafu.

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kuanguka mbele ya watu na ndoo ya maji kichwani. Hakuna kilichowahi kuniuma kama sifa ile. Wenzangu walipotawanyika nilimfuata chumbani kwake nikamweleza yote: dirisha, gauni, chai, saa ya uongo. Nililia hadi kamasi. Nilijua kazi imekwenda, na nilikuwa nimeipenda kazi ile kuliko nilivyojionyesha.

Hakunifokea. Alichomoa kipimajoto chake akakiweka dirishani pale pale, akaniambia nisubiri nacho. Baada ya robo saa akanionyesha. Ilikuwa asubuhi, kuna ukungu na baridi ya kutetemesha meno, na bado joto lilikuwa mbali kabisa na la jokofu. Nikaona jinsi ngozi yangu ilivyonidanganya.

"Kosa la barafu ni la kitoto, hilo ningelicheka," akasema. "Saa uliyoandika ndiyo inayonitisha, kwa sababu mimi ningeiamini mpaka nakufa."

Nikamwomba anisamehe. Akatikisa kichwa taratibu. "Damu si yangu, Tusekile. Mwenyewe yuko Kisiba na anaondoka kesho. Nenda ukamwambie. Na usimwombe nyingine kabla hajajua ya kwanza ilivyopotea."

Akanijazia boksi barafu mwenyewe, akanitilia sindano na vichupa vipya, akanitwika begani. Akasema likirudi tupu, basi limerudi tupu, na mimi nitaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Vichupa vya jana alivitoa kwenye friza, akaviandika kwa kalamu nyekundu kwamba havifai.

Nilipata lifti kwenye lori la kiwanda cha chai lililokuwa linateremka kuchukua majani kwa wakulima. Dereva alikuwa rafiki wa baba yangu, maana baba alifanya kazi ya kupokea majani kiwandani miaka yote ya utoto wangu. Njiani dereva akaanza kusimulia habari za baba, jinsi alivyokuwa akitumbukiza mkono hadi kiwiko kwenye kila gunia kupima kama majani yamepata moto katikati. Majani mabichi yakibanwa yanajipasha yenyewe, hata mvua ikinyesha juu yake, na yakipata moto yanakuwa mekundu na chai inaharibika. Nilimsikiliza nikatamani kujificha chini ya kiti. Mimi mtoto wa mtu huyo, niliyekula na kusoma kwa mkono uliotumbukizwa kwenye magunia, ndiye niliyesema Tukuyu hakuna kinachopata moto. Dereva aliponishusha njia panda ya kwa Mama Atuganile, aliniambia atapita tena kama saa tisa na atapiga honi mara mbili. Hawezi kungoja, majani hayangoji.

Nilimkuta Mama Atuganile kibarazani anamenya ndizi, begi lake la safari limeshafungwa liko mlangoni. Nikamsalimu, ugonile mama, akaitikia kwa furaha, akaniletea kigoda. Sikukaa. Nilibaki nimesimama na boksi langu begani nikamwambia kila kitu. Sikusema barafu iliisha, wala sikusema mashine iliharibika, ingawa njiani nilikuwa nimeviandaa vyote viwili. Nilisema niliacha damu yake juani nikaenda kujaribu gauni, kisha nikaandika uongo.

Kisu kilisimama kwenye ndizi. Niliangalia miguu yangu nikasubiri anifukuze, na angekuwa na haki. Mtu mwenye ugonjwa ule, kesho yake anasafiri kwenda kukatwa, hana deni na msichana mjinga wa mjini.

Ndipo akaanza kucheka. Alianza polepole, kisha akacheka hadi akaweka kisu chini na kushika mbavu. "Hata ninyi wasomi baridi hii inawadanganya," akasema. "Mimi niliharibu mtungi mzima wa maziwa ya mkwe wangu kwa ujinga huo huo." Akajifuta machozi, halafu akanitazama sawasawa, na sasa hakuwa anacheka. Akaniuliza kama damu ile ikifika salama kwa watafiti, itamponya.

Mwanangu, hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kukiri. Nilitaka mno kusema ndiyo. Aliyenyoosha mkono jana kwa imani alistahili neno zuri, na bila neno hilo huenda asinyooshe tena. Lakini nilikuwa nimetoka kuandika saa ya uongo na bado ilikuwa inanichoma. Nikamwambia hapana, mama. Upasuaji na dawa za Mbeya ndivyo vya kwako. Hii kazi inakwenda polepole, pengine itamsaidia mtu ambaye wewe na mimi hatutamjua.

Alifikiri. Akaokota kisu chake, akaendelea kumenya.

"Basi ni ya mtoto ambaye hajazaliwa," akasema mwisho. "Naye atakuwa mtoto wa mtu. Lakini hutoki hapa bila kula."

Nikaona balaa. Unajua mwenyewe, kwa Mnyakyusa mgeni haondoki na tumbo tupu, na ndizi nyingine bado ziko na maganda. Nikaanza kueleza habari ya lori, barafu, saa tisa. Akanikatiza kwa mkono. Akasema kama damu ikishatoka haingojei, si iendelee kukaa ndani yake kwa sasa, ambako haiharibiki? Tutakula kwanza. Lori likilia nitadunga, na nikishamaliza nikimbie. Mama ambaye hakuwahi kuingia maabara alikuwa ameipanga kazi yangu vizuri kuliko mimi na cheti changu.

Tukapika. Nilimenya ndizi pamoja naye, tukala na maharage, akanisimulia harusi yake na jinsi mumewe alivyoteleza kwenye tope akiwa na suti. Nilishiba, nikasahau hata kuogopa. Sindano ilikuwa tayari juu ya kitambaa safi, na kila gari lililonguruma mbali tulinyamaza wote wawili tukasikiliza. Honi ilipolia mara mbili huko juu, tayari alikuwa amekunja mkono wa blauzi. Nilidunga, vichupa vitatu vikajaa, nikavizika kwenye barafu hadi shingoni. Akanisukuma mgongoni, na nilipokuwa nakimbia nikasikia ananikimbilia nyuma, na chane ya ndizi mkononi, kwa sababu eti kula si kubeba.

Dereva alinivuta juu, boksi mapajani, ndizi miguuni. Nyuma yetu majani ya chai yamejaa hadi juu. Akauliza nimebeba nini nikamwambia. Akacheka akakanyaga mafuta. "Basi leo mimi na wewe ni wamoja," akasema, na tukapanda ile milima lori likilia. Mzee Anyitike alikuwa amesimama nje, mashine imeshawashwa. Alitumbukiza kipimajoto kwenye boksi kabla hajanisalimu, akatabasamu. Kisha akanipa daftari niandike mwenyewe, na niliandika kila kitu: saa ya Jumanne ya kweli, sababu ya damu ile kutupwa, jina langu, halafu saa ya Jumatano. Ulikuwa ukurasa mbaya kuliko yote ya daftari lile, una mistari iliyokatwa na wino uliomwagika, na hadi leo ndio ninaojivunia.

Sijui protini zile ziliwaambia nini watafiti. Waliandika barua moja tu kushukuru kwamba damu kutoka kwetu ilifika ikiwa nzuri. Kazi hiyo ndivyo ilivyo, mwanangu. Unatia kijiwe chako ukutani na nyumba wanakuja kuikaa wengine. Nilifanya kazi pale hadi nikastaafu, na gauni, kwa taarifa yako, lilibana vile vile siku ya harusi kwa sababu ya ndizi zile.

Na sasa nikujibu neno lako. Ulisema utafiti haujamponya mtu hata mmoja unayemjua. Mama Atuganile alifanyiwa upasuaji, ukaenda salama. Baada ya hapo alipewa vidonge, akavimeza kwa miaka. Daktari alimweleza kwamba vidonge vile kazi yake ni kwenda kuziba protini fulani iliyokuwa inaupa uvimbe nguvu, na kwamba vilipatikana kwa sababu zamani, nchi za watu, wanawake wengine wagonjwa walikubali kuchunguzwa. Hawakumjua. Waliambiwa labda itamsaidia mtu ambaye hajulikani, nao wakanyoosha mkono. Leo ana zaidi ya miaka themanini na anaimba sauti ya juu kwaya ya akina mama. Ni yule bibi wa Kisiba, Lugano. Yule ambaye tangu mdogo ukimwona sokoni anakunja mkono wa blauzi na kuniuliza, "Leo mna barafu?" nasi tunacheka hadi watu wanageuka, na wewe ulikuwa ukiuliza kwa nini nami nikasema ni mambo ya wazee. Unamjua mtu huyo. Umekula ndizi zake.

Na yule mtoto ambaye hajazaliwa, ambaye damu ile ilitolewa kibarazani kwa ajili yake, nimemtafuta miaka mingi kichwani mwangu. Siku ile hata mama yako alikuwa hajazaliwa. Juzi ulipopiga simu na habari ya nafasi yako, nikajua aliyepiga ndiye yeye.

Basi sikiliza nasaha ya bibi yako. Jibu barua, usingoje Ijumaa. Wenzako wanatibu waliokaa mbele yao na ni kazi njema, usiwadharau wala usiwaonee wivu. Kazi yako ni ya wale wasiofika bado, na inahitaji mtu mvumilivu, tena mcheshi, maana miaka miwili ni mirefu. Kila kichupa utakachoshika, jua kina kwao, kina kibaraza na mtu anayemenya ndizi. Mtu akikuuliza kama kitamponya, mwambie ukweli hata kama unaona aibu, watu wetu wana moyo mkubwa kuliko tunavyowadhania. Tia barafu hata ukihisi baridi wewe. Ukikosea, kwa kuwa utakosea, kosa lako liwe kwenye daftari kabla halijakaa tumboni likikuchoma. Na akikupa chakula mwenye damu, kula kwanza.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia Mama Atuganile habari zako. Alikunja mkono wa blauzi pale pale mlangoni mwa kanisa, mchungaji akashangaa. Anasema usisafiri bila kupita kwake, ndizi anazo na njaa yako anaijua.

Nenda, mwanangu. Kyala, Mungu wetu, akutangulie njiani na akae nawe kwenye vichupa vyako. Akupe mikono mitulivu, macho yasiyochoka, na rafiki wa kucheka naye mchana kutwa. Waliokutangulia wakuombee, na ambao hawajazaliwa wakushukuru siku moja bila kulijua jina lako. Ukifika, nipigie simu uniambie umefika saa ngapi, ile saa ya kweli.